Mwalimu Mwanakuu na Redio ya Darasa la Pili

Mwalimu Mwanakuu binti Gharib alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa siku alipogundua kwamba mimi, msomaji wake hodari kuliko wote, sijui kusoma.

Ilikuwa Januari 1966, katika skuli yetu ndogo ya wasichana ndani ya Mji wa Kale. Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Akija mgeni, mimi ndiye niliyeitwa mbele. Nilisimama, nikafungua kitabu, nikasoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kukwama, na mgeni akapiga makofi. Mwalimu Mwanakuu alitabasamu huku akipangusa chaki mikononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na buibui lake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango kuanzia saa mbili asubuhi hadi kengele ya mwisho. Mumewe, Bwana Athmani, alikuwa karani gatini Mbaraki. Hawakujaaliwa mtoto, na watu walisema ndiyo sababu hakukosa skuli hata siku moja.

Likizo ya Disemba aliitwa kwenye mafunzo ya wiki tatu. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango mpya wa kusomesha watoto wadogo, na kila skuli ilitakiwa itoe mwalimu mmoja. Walimu wengine walikwenda wakinung'unika. Yeye alirudi na makapu mawili ya ukindu yaliyojaa kadi za picha, herufi zilizokatwa kwa makasha ya katoni, na nyuma yake hamali amebeba sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitabu vyembamba arubaini na vitano, na hapakuwa na viwili vilivyofanana.

"Haya," alituambia, "kila mmoja achague akitakacho."

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuambia tuchague kitu skulini. Kisha tukalivamia lile sanduku, wasichana arubaini na watatu kwa pamoja, na kelele zilimleta Mwalimu Mkuu, Bwana Nicanor, mbio hadi mlangoni.

Mimi nilipata kitabu chenye picha ya gari la moshi. Mwalimu Mwanakuu alipita kwa kila mtu, akafika kwangu.

"Nisomee, Mwanaesha."

Nikanyoosha mgongo, nikaanza: "Huyu ni paka. Paka amelala. Paka amelala juu ya jamvi."

Alicheka kwanza, akidhani namfanyia mzaha. Akageuza ukurasa. Nikaendelea: "Paka anaamka. Paka anataka maziwa." Akakipindua kitabu juu chini. Sikusita. Hapo alipiga magoti kando ya deski langu, akaweka kidole chini ya neno moja.

"Na hili ni neno gani?"

"Paka," nikasema.

Lilikuwa *gari*.

Siku ile hakufundisha kitu kingine. Alituita mmoja mmoja kwenye meza yake, akampa kila mtu ukurasa ambao hajawahi kuuona, akaandika alama kwenye karatasi. Kengele ilipolia alikwenda ofisini kwa Bwana Nicanor, na mimi, niliyetumwa kurudisha ufunguo wa kabati, nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Mwalimu Mkuu, ni kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja nini, Mwalimu?"

"Wanaosoma. Hao wengine thelathini na wawili wamehifadhi kitabu kwa moyo, kama wimbo. Kila mwaka nawasikia, nami nafurahi. Miaka kumi na tisa!"

Bwana Nicanor alivua miwani. Alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa misukosuko. "Usijilaumu, dada. Ndivyo sote tulivyofundishwa kufundisha. Lakini inspekta anakuja mwezi ujao. Tutamwambia nini?"

"Tutamwambia kumi na mmoja," alisema Mwalimu Mwanakuu. Kisha, jambo ambalo sikulitarajia, macho yake yaling'aa. "Bwana Nicanor, wajua nini? Sasa najua pa kuanzia!"

Na kweli alianza upya. Kesho yake tuliingia darasani tukakuta kila kitu kimebandikwa jina lake: mlango, dirisha, meza, ndoo, ukuta. Tulicheza kwa kadi, tukavunja maneno vipande vipande na kuyaunga. Jumatano alitutoa nje, wawili wawili, tukapita vichochoroni tukisoma vibao vya maduka. "Fundi Saa." "Maziwa Freshi." "Usiegemee Baiskeli Hapa." Wenye maduka walitoka kutazama, na mmoja, akiona tunakwama kwenye kibao chake, alikishusha ukutani akatuletea karibu.

Nyumbani mambo hayakuwa matamu. Nililelewa na bibi yangu, Bimdogo, katika nyumba ya ghorofa iliyoelekeana na skuli, kichochoro kimoja tu katikati.

"Leo mmesoma nini?" aliniuliza.

"Tumesoma mlango, bibi."

"Mlango?"

"Na ndoo."

Asubuhi yake alijitanda buibui akavuka kichochoro. Darasa zima lilisimama alipoingia.

"Sabalkheri, Mwalimu."

"Sabalkheri, mamangu. Karibu, keti."

"Sikuja kuketi. Mtoto huyu mwaka jana alikuwa yuwasoma kitabu kizima, nami nasikia kwa masikio yangu kutoka roshani kwangu. Leo wamchezesha kadi na kumsomesha ndoo. Amekosa nini hata ukamrudisha nyuma?"

Mwalimu Mwanakuu hakujitetea. Aliuliza, kwa upole, "Mamangu, Abdulghafur hajaleta barua siku hizi?"

Ami yangu Abdulghafur alikuwa fundi wa mitambo Tanga. Bibi yangu alikuwa mwanamke msomi kwa njia yake: aliandika na kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hati nzuri ambayo majirani waliisifu. Lakini ami aliandika kwa herufi za Kizungu, na kila barua yake ilimlazimu bibi angoje jirani yetu Bwana Jamaldin arudi kazini amsomee. Barua ya wiki ile alikuwa nayo, imekunjwa kwenye pindo la leso.

"Mpe mjukuu wako akusomee," alisema Mwalimu.

Nilipewa. Niliitazama ile karatasi. Sikuona paka wala jamvi. Nilijua herufi tatu nne, nyingine zote zilikuwa kama sisimizi. Nikaanza kulia.

Bibi yangu aliichukua barua, akaikunja polepole. Alimgeukia Mwalimu Mwanakuu, tukadhani atagomba.

"Basi mfunze," akasema. "Mfunze hata kwa ndoo." Akavuka kichochoro akaenda zake.

Mwezi wa tano inspekta, aliyekwisha kuambiwa ile kumi na mmoja, alikuja mara ya pili, akiwa na redio. Ilikuwa ya mawe sita makubwa, yaani betri, ina kipini cha kubebea, na ilikuwa mara ya kwanza kitu kama hicho kuingia katika darasa letu. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne na robo, Nairobi ingerusha kipindi cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini, na mwalimu angepewa karatasi za kuwagawia watoto wasome pamoja na mtangazaji. Skuli itakayoshindwa kuvipata vipindi hadi mwisho wa muhula, alisema inspekta, itanyang'anywa redio hiyo ipewe skuli nyingine.

Jumanne ya kwanza tulikaa kimya hata nzi tukamsikia. Mwalimu alifungua. *Shshshshsh.* Akazungusha huku na huku. Shshshsh, na kwa mbali sana mtu kama anazungumza ndani ya mtungi. Alhamisi ikawa vile vile.

Jioni hiyo hiyo aliibeba redio hadi kwa fundi mmoja aliyeitwa Kingi, aliyekuwa na kibanda kidogo karibu na soko. Kingi aliifungua, akaigonga, akaifunga.

"Redio yako ni nzima, Mwalimu. Zilizo na kasoro ni kuta zenu. Mawe ya zamani, unene wa dhiraa mbili! Sauti itapita wapi? Yataka waya wa eria, wa kunasa sauti, mrefu, uende juu hewani."

"Njoo ufunge."

"Nitakuja wiki ya pili, ijapo kazi zimenijaa."

"Wiki ya pili ni mbali. Nifundishe nifunge mwenyewe."

Kingi alicheka, kisha akaona Mwalimu hacheki. Akampa bunda la waya wa shaba, akamwonyesha namna ya kuukwangua, kuukaza, na kuuzuia usigusane na chuma.

Lakini hewani wapi? Skuli yetu ilikuwa ya chini. Palipokuwa juu na karibu ni roshani ya Bimdogo. Mwalimu Mwanakuu alipiga hodi kwetu Jumatatu baada ya alasiri, bunda la waya mkononi, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikiomba Mungu.

"Wataka kuufunga kwenye roshani yangu," bibi alirudia. "Na radi ikipiga?"

"Mvua ikija nautoa, mamangu. Nakuahidi."

"Na hiyo redio yasema nini?"

"Yafunza kusoma."

Bibi alivuruga kahawa isiyokuwa na sukari. "Sharti moja. Uiweke dirishani, si mezani. Nami nisikie."

Kesho yake saa tatu, watu wote wa kichochoro walisimama kutazama. Mwalimu Mwanakuu alikuwa ghorofa ya pili, nusu ya mwili nje ya roshani, anafunga waya kwa meno na mikono. Chini, Bwana Nicanor alishikilia ncha nyingine, kijasho chamtoka.

"Dada, taratibu! Dada, utaanguka!"

"Vuta, Mwalimu Mkuu! Usiniombee, vuta!"

Saa nne na dakika kumi alikuwa darasani, vumbi la chokaa kwenye nywele, anakaza waya nyuma ya redio kwa kisu cha jikoni kwetu. Akafungua. Ukatoka muziki, safi, kana kwamba wapigaji wako chumbani. Halafu sauti ya mwanamke:

"Hamjambo, watoto?"

"Hatujambo!" tulipiga kelele, wote arubaini na watatu. Na kutoka juu, ng'ambo ya kichochoro, sauti ya arubaini na nne ilichelewa kidogo: "Hatujambo!" Alikuwa Bimdogo. Mwalimu Mwanakuu alicheka hadi akashika ubao asianguke.

Siku ile mtangazaji alisimulia hadithi ya msichana aliyepotelewa na mbuzi sokoni. Alipofika mahali msichana anasikia mlio nyuma ya magunia, akanyamaza. "Mwisho wake," akasema, "mnao mikononi mwenu. Someni."

Tukainamia karatasi. Sitasahau. Neno la kwanza nililivunja kwa kidole, la pili vile vile. La tatu lilikuja lenyewe, bila kuitwa. Kisha la nne. Mbuzi alikuwa amekula kofia ya mwenye duka! Nilipaza kicheko peke yangu, kabla ya mtu mwingine yeyote kufika hapo, na nilipoinua uso nikamwona Mwalimu Mwanakuu ananitazama, kiganja mdomoni. Alijua kwamba hakuna aliyewahi kunisimulia hayo.

Mwezi wa saba ikaja barua ya Tanga. Sikungoja Bwana Jamaldin. Niliisoma nimesimama katikati ya chumba, nikikwama hapa na pale: "Mama, tumepata mtoto wa kike. Tumempa jina lako." Bibi alipiga kigelegele, akaenda roshani akaita kwa sauti iliyosikika hadi barabara kuu: "Mwalimu Mwanakuu! Ewe Mwalimu! Amenisomea! Mwanaesha amenisomea!" Mlango wa skuli ulifunguka, Mwalimu akatoka bila buibui, akakumbuka, akarudi ndani mbio, akatoka tena nalo limekaa upande. Wakakumbatiana pale kichochoroni.

"Sasa na mimi," bibi alimwambia. "Hizo herufi zenu si nyingi kuliko zangu."

Kufikia mwisho wa muhula, thelathini na tisa kati yetu tulikuwa tunasoma, na inspekta hakuichukua redio. Nyuma ya darasa, siku za Jumanne, paliwekwa mkeka, na akina mama watano waliketi na bibi yangu, kila mmoja na karatasi yake.

Mwaka 1968 afisi ya elimu ilimwomba Mwalimu Mwanakuu azungukie skuli nyingine za kisiwani na za jirani, awasaidie walimu wa huko. Alisita siku tatu kwa ajili ya darasa lake, ya nne akakubali, na Bwana Athmani akamnunulia viatu vipya vya kutembelea. Likizo moja ya skuli yetu, skuli nyingine zikiwa bado zinaendelea, alinichukua hadi Kibarani. Mwalimu wa pale alikuwa kijana aitwaye Rispah, mwenye watoto sitini chini ya paa la mabati. Redio ilianza vizuri. Katikati ya hadithi, wakati mvuvi ameanza kuvuta wavu usiotaka kuvutika, mawe yakaisha nguvu, sauti ikazama ikapotea.

Rispah alishika kichwa. Watoto wakaguna. Mwalimu Mwanakuu alikwenda mbele, akasimama mahali pa redio, akaendelea kuvuta wavu. Hakujua una nini. Alivuta kwa mikono miwili, akajifanya kuteleza, akaita watoto watatu wamsaidie, na punde darasa zima lilikuwa linavuta, likihesabu, "Moja! Mbili! Tatu!" Kilichotoka kilikuwa kengele kubwa ya meli, na ndani yake pweza aliyekataa kuhama. Kengele ya skuli ililia na hakuna mtoto aliyenyanyuka.

"Kisha, Mwalimu? Kisha?"

Ndani ya basi la kurudi mjini alikuwa na penseli mkononi, anaandika nyuma ya karatasi za wizara, mwandiko unaruka kila tulipopita shimo. Aliniuliza pweza angekula nini ndani ya kengele. Aliniuliza kama mvuvi awe mwanamke. Usiku haujaingia alikwisha kujaza karatasi sita, na wiki iliyofuata alizishona kwa uzi, akachora pweza kwenye jalada, akakitia kitabu hicho ndani ya sanduku la kijani la Kibarani, lililo sawa na letu, pamoja na vile vingine. Rispah alituma habari kwamba kimechakaa kwa mwezi mmoja, kwa kugombaniwa, na kama Mwalimu ana muda, wanaomba kingine.

Alikuwa na muda. Aliandika ishirini na saba.