Paka Wenye Masikio Yaliyopinda

Siku hizi ofisi ya afya ya soko imetulia mpaka inachosha. Hakuna anayepiga meza kwa kiganja, wala anayemwuliza tarishi kama barua imefika au imeoa huko njiani. Vizimba vya kutegea paka vimepangwa ukutani, na mwenye kuvigombania hayupo.

Walimwita Bibi Afya. Alipoanza kazi, baraza lilikuwa na dawa moja tu ya paka wa mitaani: sumu kwenye vichwa vya samaki. Yeye ndiye aliyetumwa kuzoa mizoga, na kabla mwaka haujaisha paka walikuwa wengi vilevile. Kutwanga maji kwenye kinu. Aliandika, akaenda, akarudi, akaambiwa aje kesho, mpaka madiwani wakachoka kumwona mlangoni na sheria ndogo ikapita: paka akamatwe, afungwe uzazi, akatwe ncha ya sikio la kushoto iwe alama, arudishwe alikotoka. Mwenye alama asiguswe tena. Wakampa miaka miwili. Vitoto vikizidi kuonekana sokoni, sumu inarudi.

Mwaka wa pili vikaonekana. Chini ya meza ya nyanya, paka wa kijivu mwenye sikio lililokatwa alikuwa amelala ubavu, ananyonyesha wanne.

"Bibi Afya, huyu si wako?" mwuza nyanya akauliza. "Au siku hizi mnafunga upande mmoja tu?"

Watu wakacheka. Yeye akampiga picha yule paka, akaipeleka kwa daktari wa mifugo.

"Mkono wangu si huu," daktari akasema. "Mimi hukata mstari ulionyooka, dada. Hili limekatwa na mtu anayekimbizwa."

Wiki nzima alizunguka akichungulia masikio ya paka kama mwendawazimu. Yaliyokatwa kwa kupinda yalikuwa kumi na matatu, na wenye nayo wote walishinda kwenye bucha moja: ya shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Karibu, shem. Maini leo mazuri."

"Lete mkasi."

"Mkasi gani tena?"

"Unaujua."

Shemeji akaweka kisu chini. "Sasa ningefanyaje? Watu wako walikuwa wanawabeba paka huku wanalia, roho inaniuma. Nikasikia mwenye alama haguswi. Nikasema basi, niwape alama mwenyewe, niwapunguzie safari."

"Ukawapunguzia safari."

"Na spiriti niliwapaka, shem. Mimi si mnyama."

Bibi Afya akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Soko zima liliwarushia paka mawe, isipokuwa bucha hii. Angekuwa adui, ingekuwa rahisi.

Nyumbani mumewe akamsihi. "Usimtaje, mama watoto. Sema ni mtu tu."

"Nikisema ni mtu tu, watasema daktari hajui kazi. Kesho kutwa nazoa mizoga tena, na hao wa mdogo wako ndio wa kwanza."

Mumewe akageukia ukuta.

Siku ya kikao cha baraza Bibi Afya akaingia na shemeji, na mkasi ndani ya bahasha.

"Kwa hiyo sheria yako imeshindwa na mkasi wa jikoni?" mwenyekiti akauliza.

"Imeshindwa na mimi, mheshimiwa. Niliwaeleza watu alama inazuia nini. Kwamba daktari anafunga uzazi na paka anarudi mzima, hilo sikulisema vya kutosha. Hata nyumbani kwangu sikulisema."

Shemeji akasimama, akahesabu paka wake mmoja mmoja kwa rangi, akaahidi kuwapeleka mwenyewe wote kumi na watatu. Daktari akasema kuanzia sasa atatia nukta ya wino wa kijani tumboni, penye kovu la upasuaji, mahali ambapo mkasi wa bucha haufiki. Wakapiga kura. Kwa kura saba kwa tano, sumu ikafutwa kabisa.

Kabla Bibi Afya hajafunga faili, diwani mmoja akanyoosha mkono: itakuwaje kazi hiyo isimamiwe na shemeji wa mharibifu? Hapo hawakuhitaji hata kuhesabu mikono. Miaka yote ile ya kuambiwa njoo kesho, na uhamisho wake ukaandikwa alasiri ileile.

Bibi Afya sasa yuko ofisi ndogo ya pembezoni mwa mji, kitengo cha maji, anapima visima.