Nyumba Iliyovutwa kwa Kamba

Mwezi uliopita nilikuwa Kola, nimeenda kutafuta mbegu za mbaazi, nikaliona gari kubwa jeupe, aina ile ya watalii yenye kitanda na jiko ndani na pazia dirishani. Lilikuwa limeharibika, limepandishwa juu ya lori la kubebea magari, na wenyewe walifuata nyuma kwa gari dogo, watoto wao wakicheka. Watu walisimama kulitazama. Mimi nikakaa kwenye mawe ya mtaro. Mama muuza ndizi akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Ningemjibu nini tena? Kwamba mtu mzima kama mimi anaogopa gari lililoharibika?

Wewe nitakueleza, maana hutanicheka.

Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu wa kiume alikuwa na saba, na kitindamimba wetu hajatimiza minne. Mama akiwa kitandani alinishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Usiwaachilie." Neno moja tu. Nami nilikuwa mtoto wa kutii.

Ukoo ulikaa nyumbani kwa susu, yaani nyanya yetu, kule Kalama, ukaamua tugawanywe. Shangazi wa Kathiani angemchukua kitindamimba, baba mkubwa aliyefanya kazi kiwandani Athi River angemchukua kijana, mimi ningebaki na susu. Hakukuwa na ubaya wowote katika uamuzi ule. Lakini nililia mpaka mjomba, ndugu ya mama, akasimama. Akasema atatuchukua wote watatu. "Utawaweka wapi, na wewe huna nyumba?" shangazi akamuuliza. Mjomba akaonyesha nje, kwenye gari lake. Watu wakacheka. Wakakubaliana hivi: tukae naye, lakini siku gari lile litakapomshinda, atarudisha watoto na hakuna atakayebishana.

Mjomba alikuwa fundi wa pampu za visima. Alizunguka Mwingi, Mutomo, Kibwezi, kokote ambako kisima cha shule au cha kanisa kimekauka mdomo. Gari lake lilikuwa la zamani la kusambaza mkate. Alikuwa ametengeneza kitanda cha mbao ndani ya lile sanduku, akafunga jiko la makaa sakafuni kwa waya, akaweka pipa la maji pembeni, na juu, chini ya paa, akapanga mabomba yake ya chuma. Jua likiwaka sana, mbao za ukutani zilitoa harufu ya mkate hata baada ya miaka yote ile. Tulikuwa tukilala watatu kwenye kile kitanda, kitindamimba upande wa ukutani, huku tukinusa mkate ambao haukuwepo.

Masokoni watu walitutania. "Mzee, leo nyumba yako imeamkia wapi?" "Na choo je, kiko wapi, ama mnaendesha mpaka mkipate?" Mjomba alijibu, "Choo ni Kenya nzima." Nilipika isyo, mahindi na maharagwe yetu, kwenye lile jiko tukiwa tumesimama kando ya barabara, na wapita njia walikaribia kwa harufu.

Shule niliiacha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimfundisha mdogo wangu kusoma kwa maandishi ya magunia ya unga.

Lakini kila siku niliogopa. Wengine huogopa simba au majambazi. Mimi nilisikiliza injini. Kila mlio mpya ulikuwa shangazi akibisha hodi. Na lile gari halikuishiwa milio. Rejeta ilichemka kila tulipopanda mlima, tukasimama kungoja ipoe. Tangi la mafuta lilitoboka huko Mutomo, mjomba akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia alichokikanda kwa mate, na sabuni ile ikashika kwa majuma mawili. Kila mtu alikuwa na kazi yake likikwama. Mdogo wangu alivunja matawi na kuyatupa barabarani hatua hamsini nyuma yetu, ili madereva wajue mbele kuna gari bovu. Mimi niliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nililiweka, kisha nililipiga teke kuhakikisha, kisha nikarudi kulipiga tena. Kitindamimba alikaa kitandani na kuimba.

Injini ilinoki siku ya Alhamisi mchana, tukirudi kutoka upande wa Makueni. Ilipiga kishindo kimoja kama mtu aliyeangusha nyundo, kisha kimya. Mjomba alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole sana. Nikajua.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Imechoka," akasema, lakini hakunitazama.

Tulikaa hapo hadi lori la mchanga liliposimama. Dereva wake alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Alilizunguka gari letu mara moja, akacheka. "Sasa wewe, mzee, uliona watu wanaishi kwa nyumba ya mawe ukasema hiyo ni ushamba?" Lakini alikuwa na roho nzuri. Akatoa kamba ya katani, nene kama mkono wangu, wakaikunja mara mbili na kuifunga mbele ya gari letu. Kisha akatutazama sisi watoto.

"Hawa wawili wadogo wakuje kwangu mbele. Huyu mkubwa utakaa na yeye. Gari ikivutwa injini imezima, breki inakuwa ngumu kama mawe, na huko mbele kuna mteremko."

Wawili kule, mmoja huku. Nilisikia maneno hayo tu. Niliwashika mikono, nikasema, "Sisi tunakaa pamoja."

"Heh! Mzee, hii ni mtoto ama ni mama mkwe wako?"

"Tunakaa pamoja," nikarudia.

Mjomba alikuwa amechoka. Alitazama mteremko, akanitazama. "Ukiwajua hawa," akamwambia yule dereva, "hawagawanyiki." Akatupandisha nyuma ndani ya nyumba yetu, akafunga mlango kwa komeo la nje kama kawaida, ili usifunguke njiani.

Nyuma ya kiti cha dereva mjomba alikuwa amekata tundu la ukubwa wa sahani. Kupitia tundu hilo niliona shingo yake, na mbele yake kamba, na mwisho wa kamba tako la lori. Tulikwenda vizuri. Kitindamimba aliimba. Kisha barabara ikaanza kuinama, na nikaona kamba ikilegea.

Ililegea mpaka ikagusa lami. Tako la lori likawa kubwa. Niliona misumari ya mbao zake, kisha mchanga uliokuwa ukivuja katikati ya zile mbao. Mguu wa mjomba ulikuwa ukipiga breki, pu, pu, pu, na shingo yake ilikuwa imetokeza mishipa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayetuomba radhi, "Shikeni kitanda."

Sikushika kitanda. Nilikuwa nimeshika mikono yao, mmoja kulia, mmoja kushoto, na sikuwa na mkono wa tatu.

Mjomba alikata usukani kuelekea upande wa mlima. Kamba ilikatika kwa mlio wa bunduki. Gari likapanda ukingo wa udongo, likainama, na kila kitu tulichokuwa nacho kikatujia: pipa, sufuria, gunia la unga. Nilitazama juu nikaona mabomba ya chuma yanateleza kutoka chini ya paa, yote pamoja, yakimwelekea kitindamimba. Nilihitaji mikono miwili. Nikamwachilia mdogo wangu. Nilimvuta kitindamimba kwa mikono yote miwili hadi kifuani kwangu, mabomba yakapita na kutoboa ukuta pale alipokuwa amekaa. Mdogo wangu aliruka hadi mlangoni. Nilisikia mkono wake ukivunjika kabla sijamsikia yeye.

Kisha gari likatulia. Unga ulijaa hewani, hatukuonana. Nikasikia harufu ya petroli. Nilipapasa hadi mlangoni, nikapiga, nikapiga, na ule mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilimwita mjomba, hakujibu. Usiniulize ilichukua muda gani. Hata leo sijui kama tumeshafunguliwa.

Aliyefungua ni dereva wa lori. Kofia yake ilikuwa imeanguka. "Mko wangapi?" "Watatu." Alitugusa vichwa, mmoja mmoja, akihesabu, kisha akarudia kutuhesabu. Hakufanya mzaha wowote. Mjomba alikuwa kwenye usukani, damu usoni, macho wazi, mzima, bado anakanyaga breki.

Gari lilikokotwa hadi Machakos na likauzwa kama chuma chakavu. Mjomba alishika neno lake, akatupeleka kwa susu, tukalala tena watatu kitanda kimoja, kitindamimba upande wa ukutani. Jumapili watu wakaja. Nilimngojea shangazi aseme, "Niliwaambia." Hakusema. Alimkalisha kitindamimba juu ya mapaja yake akaanza kumtoa unga kwenye nywele, taratibu, kwa kuchana. Mjomba aliinamisha kichwa na kusema kwamba dereva wa lori alimwonya, naye hakusikia. Alijilaumu mwenyewe. Hakunitaja.

Ndipo nikasema. "Si yeye. Ni mimi nilikataa." Kisha nikasema huyu mdogo aende Kathiani, na kijana aende Athi River mkono ukipona, asome. Susu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Mimi nilibaki na mjomba, tukaanza tena kwa baiskeli, na kazi ya pampu ndiyo ninayoifanya hadi leo.

Mjomba tumeshamzika. Siku hizi visima vingi vinatumia umeme wa jua, na fundi huja kwa pikipiki na kurudi jioni ileile. Mdogo wangu ana familia, mkono wake haunyooki vizuri, na akiulizwa husema aliumia akicheza mpira. Harufu ile ya mkate sijawahi kuisikia tena, hata nikisimama mlangoni kwa mwokaji.

Kitindamimba wetu ni mwalimu sasa. Shangazi humwita mama, na ni haki yake. Lile gari halikumbuki kabisa. Siku moja nilipomsimulia, alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto wa jirani, kisha akauliza, "Na siku nilipochukuliwa, dada, nililia?"

Nikamwambia alilia sana, tukashindwa kumtuliza.

Hakulia. Alidhani atarudi jioni. Aliniambia nisimruhusu mtu yeyote alale upande wake wa ukutani.