Fundi wa Popo

Bartholomew alikuwa mfagiaji na mpiga kengele wa kanisa dogo kando ya barabara ya Tororo kwenda Busia, na maneno aliyapenda kuliko chakula. Ukimsalimu asubuhi, ujue asubuhi yako imekwisha. Mkewe, Apendi, alizoea kusema kwamba mdomo wa mume wake ni nyumba isiyo na mlango, na hakuwa akitania.

Maneno yenyewe yalikuwa ya popo. Dari la kanisa lilijaa popo kwa mamia, na kinyesi chao ndicho kilichompa kazi kila siku ya Mungu. Mwanzoni aliwachukia. Kisha Otai, mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, akamweleza kwamba popo hupiga kelele nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati. Kelele hiyo ikigonga ukuta au mbu hurudi, na kwa mwangwi huo popo hujua kilicho mbele yake hata katika giza totoro. Wee! Tangu siku hiyo Bartholomew akawa mtu mwingine. Sauti zisizosikika alimwachia Mungu. Zinazosikika alizisoma miaka minane, ufagio mkononi. Alijua ugomvi wa kugombea nafasi. Alijua mlio wa mama anayerudi alfajiri kumtafuta mwanawe kati ya watoto mia, na jinsi mtoto anavyomwitikia yeye peke yake. Watu wakamwita fundi wa popo, wakimcheka, naye akadhani wanamsifu. Kichwa cha mtu mzima kikivimba, hakuna mganga.

Mwaka wa sabini na saba Otai akaanza kutafutwa. Alikuwa amesema neno moja darasani juu ya kukosekana kwa sukari, na siku zile neno moja lilitosha kumpoteza mtu. Akakimbilia kanisani, akamkuta Apendi peke yake akipiga deki. Apendi akamficha darini. Jumamosi, soko likifurika, mwalimu angejichanganya na wachuuzi pale Busia avuke kuingia Kenya. Ilikuwa asubiri siku tatu tu. Apendi alimpelekea chakula ndani ya ndoo, chini ya matambara ya deki, naye hakumwambia mumewe kitu. Hebu sema kweli, wewe ungemwambia?

Ijumaa mchana akaja mtu. Suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vyenye soli nene, miwani ya jua ambayo hakuivua hata alipoingia ndani. Nchi nzima ilijua mavazi hayo ni ya makachero wa serikali. Bartholomew naye alijua. Mtu yule akachungulia chini ya mabenchi, akafungua kabati la kanzu za padri, hakuona kitu. Alikuwa amefika mlangoni, anakwenda zake, popo walipoanza kelele.

"Mzee, hapa juu iko panya mingi," akasema.

Laiti angenyamaza! Angesema tu, ndiyo afande, panya wanatusumbua, kwaheri. Lakini popo wake kuitwa panya kulimchoma.

"Panya? Hao ni popo, afande."

"Basi wanasikia joto."

"Kelele ya joto naijua. Bati likishika moto wanalia dari zima. Hii si ya joto."

Mtu yule akarudi. Akaketi kwenye benchi, akavua miwani, akaegemea mbele. "Endelea, mzee."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia Bartholomew aendelee. Moyo ulimjaa.

"Sikia. Upande wa madhabahu kimya kabisa. Wote wamesongamana huku mlangoni, wanagombana kwa kubanwa. Wamehama tangu juzi."

"Kuna nyoka."

"Nyoka! Wangemwona nyoka wangemwagika nje juani. Hiki wanakiogopa, lakini hakiwali. Ni kikubwa, kimelala. Mara mojamoja kinageuka, ndipo wanapiga ule ukelele wa..."

Hapo masikio yake mwenyewe yakasikia alichokuwa akisema. Akafunga mdomo. Mtu yule akavaa miwani yake taratibu, akatazama dari juu ya madhabahu.

"Asante sana, mzee," akasema kwa upole, akatoka kuwaita wenzake garini.

Walipomshusha Otai, Apendi alikuwa amefika na mtungi kichwani, na majirani wamesimama barabarani. Mbele yao wote mtu yule akampa Bartholomew mkono. Otai alimtazama mara moja tu, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu. Gari likaondoka kuelekea Tororo, na mwalimu hakurudi tena.

Apendi hakumtukana. Alisema naye habari za chumvi na kuni, basi. Majirani ndio waliommaliza: walianza kumwamkia kwa heshima, wakimpisha njiani, maana walidhani ni mmoja wa wale. Bartholomew alitamani mtu amtemee mate. Aibu ilimla mchana na usiku, na yule msemaji wa jana akawa anaitikia salamu kwa kichwa.

Serikali ile ilipoanguka, Alupo, mjane wa Otai, alikuja kanisani. Bartholomew akaangusha ufagio.

"Mzee, sikuja kugombana," Alupo akasema. "Nataka kujua jambo moja tu, nipate usingizi. Walikupiga?"

Lo, jinsi alivyotamani kusema ndiyo! Alitafuta mwilini mwake kovu lolote la kuonyesha. Apendi alisimama palepale, naye akingoja jibu la swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Hawakunipiga, mama."

"Walikupa nini, basi?"

"Hawakunipa kitu."

"Sasa kwa nini?"

Bartholomew alitazama chini. "Yule mtu aliketi pale," akasema, "akanisikiliza."

Alupo alingoja, akidhani kuna zaidi.