Nilivyomuua Mzee Osmundi kwa Simu

Jamani, habari hii huwa siisimulii, na wale wanaoijua vizuri hapa Songea nikiwaona mbele yangu navuka barabara, lakini mmenibana, basi bora niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeitia chumvi (ingawa chumvi yenyewe haihitaji). Niliua mtu. Sikumgusa, yeye alikuwa Namtumbo na mimi nilikuwa mjini nimeshika simu, lakini hadi saa kumi jioni alikuwa marehemu na sufuria za msiba ziko jikoni.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia na kila mwenye suti kafungua kampuni, na kampuni moja ya huduma za kisheria ya Dar es Salaam ikaniajiri niwe msaidizi wao wa sheria nikiwa huku huku kwetu. Ofisi sikuwa nayo, ofisi ilikuwa meza yangu ya kulia chakula pale Bombambili: watu wananiletea shida zao, naziandika, natuma Dar kwa faksi, mawakili wanazinyoosha na kuzichapa, kisha zinarudi kwa basi watu wasaini. Majirani waliniita Mheshimiwa Wakili, na mimi (Mungu anisamehe) sikuwa nawasahihisha.

Jumatatu akaja Mzee Osmundi, mkulima wa tumbaku, mtu mpole, nyumba yake iko Mfaranyaki. Nikampa shikamoo, akaketi, akafunga mlango kwa mguu.

"Mwanangu Skola, nataka kuandika wosia. Nyumba ya Mfaranyaki namwachia mke wangu. Ila iwe siri yako na yangu, maana mdogo wangu Alto akisikia, hatutazungumza tena."

Nikaandika yote kama alivyosema, akaenda zake Namtumbo kukausha tumbaku, tukaagana kwamba atarudi mwisho wa wiki kusaini. Jumatano asubuhi nikapeleka karatasi kwenye duka la simu pale mjini, nikakuta mashine ya faksi imekula karatasi za watu tangu jana. Ningeweza kuipeleka stendi iende kwa basi. Ningeweza kusubiri kesho. Lakini mimi mwenye haraka zangu nikasema aa, si naisoma tu kwa simu, dada wa Dar aandike.

Laini ilikuwa mbovu, inachemka muda wote, na dada wa Dar kila neno "unasemaje?", basi nikawa napiga kelele, na nyuma yangu foleni imefika nje.

"Nizikwe Namtumbo! Namtumbo, dada! Shambani kwangu, kando ya baba yangu! Nyumba ni ya mke wangu Filomena, asitolewe na mtu yeyote wa ukoo! Jina? Osmundi! Ndiyo, Osmundi wa Mfaranyaki!"

Nikasikia mzee mmoja wa Tunduru kwenye foleni akisema taratibu, "Inna lillahi," nikadhani anasikitikia laini. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala usingizi wa mchana mzuri kabisa.

Saa tisa nikaamshwa na jirani yangu Mama Tumaini, kanga kiunoni, macho mekundu. "Skola, unalala? Mzee Osmundi hatunaye! Amefia Namtumbo!"

Nikaruka kitandani. Juzi tu alikuwa mezani kwangu! Nililia kweli, tena nililia kwa sababu mbili, moja kwa ajili yake na nyingine kwa ajili ya ile karatasi, maana wosia usiosainiwa ni karatasi ya kufungia maandazi, na kama ningekuwa mwepesi zaidi, Mama Filomena angekuwa na kinga. Haikunijia hata kidogo kuuliza habari imetoka wapi.

Mfaranyaki nikakuta watu wamejaa. Mabenchi yameshaletwa kutoka kanisa la kigango, akina mama wanamenya na kusonga, katekista anaongoza rozari, na gari limeshatumwa Namtumbo kufuata maiti. Mama Filomena kakalishwa ndani kwenye mkeka, sauti imemkauka, anasema tu, "Asubuhi ile hata chai hakumaliza." Na rozari haijaisha vizuri, Alto akasimama.

"Ndugu zangu, tumepata pigo. Ila mambo ya nyumba ni ya ukoo. Funguo nimeshazichukua, tusije tukaanza kusumbuana."

Hapo damu ikanipanda. Nikasimama na karatasi yangu isiyo na saini, Mheshimiwa Wakili mimi, nikasema marehemu ameacha neno lake, na nikaanza kusoma kwa sauti ileile ya dukani. Nilipofika pale "asitolewe na mtu yeyote wa ukoo", nikamtazama Alto kabisa usoni. Nilijisikia shujaa, sitawadanganya.

Ndipo tukasikia mtu analia huko barabarani.

Alikuwa Mzee Osmundi. Kapata lifti ya lori la tumbaku, akashushwa pale njia panda, akaona nyumbani kwake mabenchi na watu wameinama, na mtu huyu mpole akawaza jambo moja tu. Alikuja anakimbia, kofia imeanguka, kiatu kimoja kimebaki njiani, anaita, "Filomena! Filomena wangu! Mmemweka wapi?"

Watu walitawanyika. Akina mama waliruka sufuria, katekista akabaki peke yake na rozari mkononi mdomo wazi, na mimi nikajikuta nyuma ya ua. Mama Filomena akatoka ndani, akamwona, akaanguka chini. Mzee akapiga magoti akamshika uso kwa mikono miwili, na wakalia wote wawili, kila mmoja akimlilia mwenzake, hadi nasi tuliokuwa tumejificha nyuma ya ua tukaanza upya.

Baadaye akasimama. "Nani aliyesema nimekufa?"

Mama mmoja akamwonyesha mwenzake, mwenzake akamwonyesha Mama Tumaini, Mama Tumaini akamwonyesha muuza vitenge, na muuza vitenge akaninyooshea mimi kidole. "Mimi nilikuwa kwenye foleni ya simu. Skola alikuwa anasoma wosia wa Mzee. Sasa wosia wa mtu husomwa lini? Si akishafariki?"

Uwanja mzima ukageuka kunitazama, na karatasi bado ninayo mkononi. Nilitamani lile gari la maiti lirudi linichukue mimi.

Alto akaziweka funguo kwenye benchi taratibu. "Pole kwa safari, kaka. Kumbe mimi ndiye mfukuza wajane." Akaondoka, na wale ndugu wawili walikaa masika yote bila kusalimiana. Hilo mzee alikuwa ameniambia mapema kabisa.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu. Nilimpa shikamoo nimepiga magoti, akaitikia marahaba, na hiyo marahaba yake iliniuma kuliko kofi. Akaomba karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sina hasira, mwanangu. Ila siri yangu nilikupa wewe peke yako, nami nimeikuta nyumbani kwangu, watu wameizunguka wamekaa."

Dar wakanipiga marufuku kusoma karatasi yoyote kwenye simu, lakini hawakuwa na haja, mimi siku hizi hata barua ya mwanangu ya shule naisoma kimya. Na nikiambiwa fulani amefariki, kabla sijatoa chozi hata moja, nauliza kwanza kwa upole nani kaleta habari, huku naomba moyoni asije akanitaja mimi.