Kufuli ya Mwenzangu

Mwezi wa nane mwaka juzi nilimzika mume wangu. Kabla ya Krismasi nikapoteza na nyumba. Sikuzaa mtoto wa kiume, na shemeji zangu walisema shamba ni la ukoo, nivune mahindi yangu niende. Sikupigana nao. Wakati huo nilikuwa bado naamka na kupika uji wa watu wawili.

Nina binti mmoja, ameolewa Nyamira. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Ni aibu ambayo hakuna anayeizoea. Kwa hiyo nililala kwenye stoo ya kanisa huko Mosocho, kati ya viti vya plastiki na hema la matanga. Binti yangu akija tulikaa kwenye benchi nje, na jua likianza kushuka aliinuka akarudi kwake. Nilichotaka ni chumba tu, aje, alale, tuongee mpaka usingizi utushike.

Mwenzangu, mjane kama mimi, alikuja baadaye, amefukuzwa na watoto wa mke mwenza. Tulilalia godoro moja. Alikoroma, akaninyang'anya blanketi kila usiku, na nilimpenda.

Halafu kikundi cha akina mama wa kanisa kikapata chumba Nyakoe. Kimoja. Mama anayetutembelea, muuza viatu mjini, alisema kikundi kitalipa kodi mpaka atakayehamia aweze kujitegemea kwa kuuza mboga. Akayatazama magoti ya mwenzangu, yaliyokuwa yamevimba kwa baridi ya sakafu.

"Wewe, mama, bado una nguvu," akaniambia.

Sijawahi kuzichukia nguvu zangu kama siku hiyo.

Jumapili iliyofuata mwenzangu alikuja kanisani na ufunguo shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Wakati wa maombi nilifumbua macho nikauangalia. Watu walikuwa wanamwombea mgonjwa. Mimi nilikuwa naomba aupoteze.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kwake. Mwishowe nikaenda, na fungu la saga mkononi, mboga chungu anayoipenda. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kukiona hicho chumba.

"Umekuja kuona kama nimekufa?" aliniuliza mlangoni.

"Nimekuja kuona kama kitanda kina kunguni."

"Hakina. Pole sana."

Alicheka mpaka akashika mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la makaa, sufuria mbili na pazia la maua. Juu ya kitanda palikuwa na leso ambayo haikuwa yake. Binti yake alikuwa amelala pale usiku uliopita, akaisahau. Pazia ningeweza kulivumilia. Ile leso iliniuma.

Alipika ugali wa wimbi na ile saga. Tulipoanza kula akasema, "Hamia hapa. Nimemuuliza mama wa viatu, amekubali."

"Utaninyang'anya blanketi."

"Nitakunyang'anya."

Niliitazama leso. "Na binti yangu akija, atalala wapi?"

Alimega tonge la ugali, akalichovya kwenye mboga.

"Nitangoja changu," nikasema.

"Una kiburi, mwanamke wewe. Utangoja kwenye ile baridi?"

"Sina kiburi, nina wivu. Nina wivu mpaka chakula chako kinanikwama."

"Najua. Nilikuona siku ile kanisani, macho wazi."

"Na wewe kwa nini ulikuwa umefumbua yako?"

"Nilikuwa naangalia kama ufunguo bado upo."

Tulicheka, lakini wivu haukuondoka. Aliniongezea mboga, nikaimaliza yote.

Jua lilipoanza kushuka niliinuka, kama binti yangu anavyoinuka. Mwenzangu alitoka nami. Akafunga kufuli, akaivuta kuona kama imeshika, kisha akanisindikiza mpaka barabarani.