Akina Mwamvua Watatu na Mkwe Aliyeketi Benchi la Mbele

Mambo mengine mtu huyaficha mpaka walioyaona wahame au wafe, lakini walioyaona yangu ni wengi mno na wote wana afya njema, kwa hiyo heri niyaseme mwenyewe, kwa mpango, kabla hamjayasikia yakiwa yametiwa chumvi huko Soni na Mlalo. Mimi, mtu mzima mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, nilisimama mbele ya darasa lililojaa watu nikitakiwa kutaja jina moja tu, jina la kawaida ambalo kila mtoto wa milima hii analijua, nikashindwa, na sikushindwa kwa dakika moja, nilishindwa kwa muda unaotosha chai ya birika zima kupoa.

Wakati huo, enzi za Mwingereza, nilikuwa mtunza bustani ya miche ya serikali nje kidogo ya mji wa Lushoto. Shule nilisoma miaka miwili tu kwetu Muheza. Yaliyobaki nilijisomea kwa magazeti ya zamani na kamusi isiyo na jalada. Kazi ya miche inamfundisha mtu mpangilio, maana mche wa mwerezi na mche wa msonobari ikiwa midogo inafanana kama mapacha, na usipochomeka kibao kwenye kila tuta utakuja kujuta baada ya miaka ishirini. Mazoea hayo niliyapeleka kwenye habari za watu. Siku za mapumziko nilitembea vijijini na daftari nikiwauliza wazee mambo ya zamani, na katika kuuliza nikaona jina moja la kike linajirudia: Mwanamvua, ambalo watu wa baadaye walilifupisha kuwa Mwamvua. Huku kwetu si ajabu, mjukuu hupewa jina la bibi yake, kwa hiyo jina linaruka kizazi kimoja na kutua kwenye kinachofuata, na msimuliaji asiye mwangalifu anachukua tendo la bibi na kumvika mjukuu. Mimi nikapata wawili, nikawatenganisha. Nilikaa miaka minne nikiwatenganisha.

Sasa, hapa ndipo palipo na jambo. Mama mkwe wangu, mama yake Zaina mke wangu, naye ni Mwamvua (ninaandika, sitamki). Mnajua wenyewe: mwanamume hatamki jina la mkwewe, hakai naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani yeye mwanamume anaingia majanini mpaka mama apite. Mimi ni Mbondei, yeye ni Mshambaa wa Vuga, lakini katika hili hatuna tofauti. Miaka kumi na mitano ya ndoa sikuwahi kuuona uso wake wote. Nilimjua zaidi kwa kisigino cha kushoto, chenye kovu, maana ndicho kinachoonekana ukiwa umejibanza majanini na kuinamisha kichwa. Binti yetu alipozaliwa alipewa jina la bibi yake kama ilivyo desturi, kwa hiyo hata mwanangu mwenyewe sikuwa nimepata kumwita kwa jina, nilimwita Mama. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nyumbani hata mvua nilikuwa siitaji, nilisema maji ya juu (desturi haidai hivyo, nilijiongezea mwenyewe), na mtunza miche asiyeitaja mvua ana taabu kila siku ya kazi.

Binti huyo alikuwa na miaka tisa, akikaa Vuga kwa bibi yake tangu aache ziwa, kwa sababu bibi ni mjane na nyumba ilikuwa kimya. Mimi nilitaka aje Lushoto asome. Mwalimu Perpetua, mwanamke kutoka Tanga, alikuwa amefungua darasa jipya la wasichana, na nafasi zilikuwa chache. Neno la mwisho lilikuwa la bibi, maana ndiye aliyemlea. Mara tatu Zaina alipeleka ujumbe Vuga, na mara tatu alirudi na jibu lile lile: "Nimesikia." Mkwe wangu akisema amesikia hujui kama umepata au umekosa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumwuliza.

Mwalimu Perpetua, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa wakisitasita kuwaleta mabinti, akapanga mkutano wa Jumapili mchana darasani, akaja bustanini kuniomba niwaeleze watu habari za wanawake wa zamani wa milima hii. Alikuwa amesikia habari za daftari langu. Akasema, wale wa jina moja, hao ndio hasa. Nilipaswa kukataa pale pale. Badala yake nikafikiri kama mtu aliyesoma: kwanza, mkwe wangu haji mjini, pili, jina hilo lilikuwa la wale wawili kabla ya kuwa lake, tatu, mtu asiyekuwepo hasikii. Nikakubali. Kosa zima ni hilo, mengine yalifuata yenyewe.

Asubuhi tatu mfululizo nilisimama kati ya matuta nikalitamka jina mbele ya misonobari. Siku ya kwanza nilitoka jasho. Siku ya tatu lilitoka kama jina la mtu yeyote. Zaina sikumwambia nitasema nini, nilitaka asikie pamoja na wengine, naye akaniaga kwamba anakwenda Vuga siku mbili kuwajulia hali.

Jumamosi nilinakili hotuba kwa mwandiko safi, karatasi moja kwa kila mwanamke. Nilipomaliza ya pili kalamu ikaendelea. Niliandika karatasi ya tatu kwa dakika chache, bila kufuta hata neno (si kawaida yangu), na sikukusudia imfikie mtu yeyote. Mtu wa mpangilio angeifungia sandukuni. Mimi niliiweka chini ya zile mbili ili isikunjike.

Jumapili darasa lilijaa. Jumbe alikuwepo, wazazi walikuwepo, na nyuma kabisa mzee Hoza, muuza tumbaku wa sokoni, ambaye hakosi mkutano wowote wala hajawahi kuondoka bila kusema neno. Nikasimama nyuma ya meza, nikapanga karatasi, nikavaa miwani. Mlangoni akaingia Zaina, akitabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi, amemshika binti yetu mkono, na nyuma yao mwanamke aliyejifunika kaniki. Mwalimu Perpetua, kwa adabu yake yote, akampa shikamoo na kumwongoza mpaka benchi la mbele, hatua nne kutoka nilipokuwa. Nikatazama chini. Kisigino kile.

Niliinama chini ya meza. Nilijifanya nimeangusha kalamu, na kwa kuwa sikuwa nimeiangusha nikaitoa mfukoni nikaiangusha, nikaitafuta kwa muda mrefu, mpaka jumbe akauliza kwa upole kama kuna anayeweza kumsaidia Bwana Miche kutafuta. Majani ya kujibanza hayakuwepo. Nikainuka, nikageuka upande upande kama mtu mwenye shingo inayouma, nikaanza.

"Wa kwanza," nikasema, "ni mama mmoja."

"Jina lake?" akauliza mzee Hoza.

"Linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na wengi."

"Mimi silijui, na nimezaliwa hapa kabla ya barabara."

Nikasema alizaliwa siku ya maji ya juu, na kwa hiyo jina lake likafuata maji hayo. Mzee Hoza akauliza maji ya juu ni umande? Mtu mwingine akasema ni Mwanaidi. Nikasema siyo. Fatuma? Siyo. Basi wakaanza kutaja majina, wakatajwa mashangazi na wajomba, jumbe mwenyewe akajaribu mawili, na kila mara mimi nikitikisa kichwa na shingo yangu ya upande, huku wanawake waliotoka Vuga, ambao walijua mkwe wangu ni nani na mimi ni nani, wameziba midomo kwa kanga wakitikisika mabega. Mzee Hoza akamalizia: "Bwana Miche, tumeacha mashamba yetu kuja kusikia habari za mtu asiye na jina?" Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Zaina peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa alichofanya na nilichofanya, na nilimwona akitazama sakafu.

Mwalimu Perpetua alidhani naumwa. Akanisogelea, akanishika mkono, akasema, "Mzee wangu, pumzika. Nitakusomea." Akachukua karatasi zote. Ningemzuiaje? Ili nimzuie ningelazimika kumweleza, na ili nimweleze ningelazimika kutaja. Nikageukia ubao. Ulikuwa mweusi, umefutwa vizuri, na kwa muda uliobaki wa mkutano ule niliujua ubao huo kuliko mtu yeyote aliyewahi kuutumia.

Akasoma kwa sauti safi ya mwalimu. Akasoma habari za Mwanamvua wa kwanza, kabla ya Wajerumani, enzi za kukamatwa watu kupelekwa utumwani, aliyewaficha watoto wa kijiji nyuma ya maporomoko ya maji siku mbili na kuwanyamazisha kwa ndizi mbichi za kutafuna. Akasoma habari za Mwamvua wa pili, ambaye wanaume walipochukuliwa kubeba mizigo ya vita aliwakusanya wanawake wakazibua mfereji wenyewe, na mahindi hayakufa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walisikiliza, na mimi, usoni mwa ubao, nikaanza kupumua. Ndipo nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Wa tatu," akasoma, "yuko hai."

Nilifumba macho. Akasoma yote, na siwezi kujifanya nimesahau nilichoandika:

"Wa tatu yuko hai, na mimi ni mkwewe. Mtoto wetu wa pili alipofariki, mke wangu alilala hajiwezi, nami nilikuwa na homa kitanda cha pili. Mama huyu alitembea kutoka Vuga katika mvua kubwa, akanikuta ndani, na kwa kuwa nilikuwa ndani yeye hakuingia chumbani. Alikaa barazani siku tano. Alipika huko, akalala huko. Kwa kuwa hawezi kusema nami, alisema na kuku: wewe kuku, mwambie mwenye nyumba uji uko mlangoni, mwambie asipokunywa nitakuchinja wewe. Nilikunywa. Sijapata kumshukuru, kwa sababu sijui namna ya kumshukuru mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Mwanangu ana jina lake. Nikimtaka aje asome sina maana kwamba kwa bibi yake amepungukiwa na kitu. Ningependa tu awepo mtu katika nyumba yangu atakayeweza kuandika habari hizi vizuri kuliko mimi."

Mwalimu Perpetua aliposoma neno mkwewe sauti yake ilipungua, nadhani ndipo alipojua ameshika nini, lakini alikwisha kuanza na watu walikuwa wanangoja. Alipomaliza nilisikia benchi la mbele likilia, ile sauti ya mbao mtu mzito anapohama, nikajua anaondoka, na kwamba binti yangu anaondoka naye, na kwamba mbele ya watu wote hawa nimemvunjia heshima mama aliyenilisha.

"Mjukuu wangu," sauti ikasema, kwa Kishambaa, polepole, "mwambie huyo anayetazama ubao kwamba ule uji ulikuwa na chumvi nyingi. Nilijua baadaye. Hakusema."

Binti yangu akasema, "Baba, bibi anasema uji ulikuwa na chumvi nyingi."

"Mwambie Bibi," nikauambia ubao, "ulikuwa sawa."

"Mwambie ni mwongo. Halafu mwambie leo nilikuja kukataa. Mama yako amenisumbua mara tatu, nikaona nije mwenyewe nikatae mbele ya watu ili maneno yaishe." Benchi likalia tena. "Nyumba yangu itakuwa kimya. Hilo mwambie pia, asidhani ni jambo dogo."

Mtoto akanifikishia, maneno yote, kwa mpangilio (amerithi). Nilikuwa nimevua miwani.

"Mwambie utabaki hapa Lushoto. Likizo zote ni zangu, hata ile fupi. Na hiyo karatasi ya tatu usiipoteze. Ukishajua kusoma uje unisomee wewe, huyu mwalimu ameisoma mbio."

Wazazi kumi na mmoja waliandikisha mabinti siku hiyo, na Mwalimu Perpetua alipofika kwetu na kuuliza jina la mtoto, alinitazama, akaona, akamwuliza mtoto mwenyewe. Mimi baada ya hapo nikatoka nje kwa dirisha la nyuma, kwa kuwa mlangoni alikuwepo mkwe wangu, na suruali yangu ya Jumapili ilichanikia kwenye kitasa mbele ya wake wa watu waliokuwa wakingoja chai. Hilo la suruali ndilo linalosimuliwa zaidi huko Mlalo.

Likizo ya kwanza mtoto alikwenda Vuga na karatasi. Zaina ananiambia aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, ikachukua karibu alasiri nzima, na bibi yake hakumharakisha. Alipofika kwenye kuku alirudishwa mwanzo. Likizo ya pili vivyo hivyo, ingawa sasa anasoma haraka na inabidi aombwe apunguze mwendo.

Mimi nimeapa sitasimama tena mbele ya watu na karatasi mkononi, na kiapo hicho nimekishika. Mwalimu Perpetua aliponiomba mwaka uliofuata nizungumze habari za wanaume wa zamani, nilimpa daftari lote, nikamwambia asome anachotaka, kwa mwendo anaotaka, nami nikaenda kumwagilia miche.