Bi Unganisha na Saa Tisa Iliyokuwa Saa Tatu

Saa moja na nusu asubuhi, mlango mkubwa wa karakana ya miguu ya bandia bado umefungwa. Ndani, kwenye chumba cha mapokezi, mwanamke aliyevaa miwani yenye kamba shingoni anapitisha kitambaa juu ya kioo cha kompyuta, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

Nje wameshafika wagonjwa watatu. Anawachungulia dirishani, anaona jua linawapiga usoni, anatoka kuwasaidia kusogeza benchi ukutani penye kivuli. Kisha anarudi kwenye kiti chake na kuwasha mashine.

"Haya wanangu, mmeamkaje?" anaiambia kompyuta.

Programu ya barua pepe inafunguka. Kando ya barua kuna kalenda, na kalenda imejaa vibanduku vya rangi. Vya kijani ni vya fundi wa miguu. Vya samawati ni vya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Vya zambarau ni vya mtaalamu mgeni, mwanamke anayefika kituoni mara moja tu kwa mwezi kupima na kurekebisha miguu mipya. Akisogeza kibanduku hapa, kinasogea pia kwenye simu ya mwenyewe, popote alipo.

Wote hapa wanamwita Bi Unganisha. Jina alilipata ujanani, alipokuwa mpokea simu katika hospitali kubwa. Kila aliyepiga alisikia sauti ileile laini ikisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Mitambo ya zamani ilipoondolewa, na yeye akahamishiwa mapokezi ya karakana hii, jina likamfuata kama kivuli.

"Waya zimekwisha, kazi haijaisha," anasema. "Zamani nilikuwa naunganisha mtu na mtu. Sasa naunganisha siku za watu. Na siku ya mtu ukiichezea, umemchezea mwenyewe."

Kabla ya kalenda hii, ratiba nzima ya kituo iliandikwa kwa kalamu kwenye ubao mweupe ukutani. Mtu akiegemea ubao, miadi ya watu wawili inabaki mgongoni mwa shati lake. Mkuu wa kituo ndiye aliyeamua waanze kalenda moja ya pamoja mtandaoni. Wenzake wakaiweka kwenye simu zao. Ikabaki kompyuta ya mapokezi, iliyozoea barua pepe peke yake.

Kazi ya kuiunganisha akapewa mwenye jina.

Jaribio la kwanza alinakili kiungo cha kalenda, akakibandika kwenye programu yake. Vibanduku vyote vikaonekana. Akafurahi, akaandika miadi mipya, na programu ikakataa. Aliweza kusoma tu.

"Nikamwambia kaka fundi, hii ni ndoa ya upande mmoja," anasimulia, akicheka hadi miwani inaruka. "Mimi namwona, yeye hanioni. Nampenda, yeye hana habari!"

Fundi wa miguu, mwanamume mpana mwenye unga wa plasta kwenye nyusi, anadakia kutoka mlangoni: "Na mimi nikamwambia, dada mkubwa, ndoa nyingi ziko hivyo na watu wanaishi."

Hakukubali kuishi hivyo. Alisoma maelekezo mara mbili, akaifuta ile kalenda, akaiingiza upya kwa anwani ya akaunti ya kituo na nywila yake, safari hii kwa ruhusa ya kusoma na kuandika. Alasiri moja, akiwa na kikombe cha chai kilichopoa, aliandika neno "jaribio" kwenye kibanduku. Kule karakana simu ya fundi ikalia. Fundi naye akaandika "nimeliona." Likatokea mezani kwa Bi Unganisha.

"Nilipiga kigelegele," anasema. "Mgonjwa aliyekuwa hapa akadhani tumepata mtoto."

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya mtaalamu mgeni. Na miongoni mwa waliomsubiri alikuwamo fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Kwa miezi mingi alikuwa akiikanyaga kwa mguu mmoja, akishona nusu ya kazi aliyozoea, nyonga ikimuuma hadi anakaa upande. Mguu wake mpya ulikuwa tayari, umebaki kupimwa na kurekebishwa na mgeni. Akiikosa siku hiyo, ni mpaka mgeni arudi tena.

Ndiyo maana kabla ya kwenda nyumbani Bi Unganisha alihakikisha amempigia. Alitazama kibanduku cha zambarau, kimeandikwa 9:00.

"Mwanangu, kesho saa tisa. Usichelewe."

"Saa tisa alasiri, mama?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa la watu wanaohesabu saa kama sisi. Miaka mingi nyuma, kompyuta ilipowekwa mezani pake, Bi Unganisha aliirudisha nyuma saa yake kwa saa sita. Jua likichomoza, mashine inaonyesha kumi na mbili. Saa tatu asubuhi, inaonyesha tatu.

"Wagonjwa wananiuliza saa kutwa nzima," anaeleza. "Mtu ana maumivu, nianze kumfanyia hesabu? Nikaona mashine ndiyo ijifunze Kiswahili."

Mashine ilipokuwa peke yake, haikumdhuru mtu. Lakini sasa ilikuwa imefunga ndoa na simu za wenzake. Mgeni alikuwa ameandika 9:00 kwa saa ya simu yake, yaani saa tatu asubuhi. Bi Unganisha, aliyezoea saa yake, akaisoma saa tisa.

Asubuhi yake fundi wa miguu aliingia akipiga miayo. "Dada mkubwa, kalenda yako imenitia matatani. Simu imelia usiku wa manane, eti kuna mzee anakuja kupimwa mkanda wa goti saa tisa. Mke wangu ameamka ananiuliza, 'Huyo mzee ana nywele ndefu?'"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Unganisha naye alicheka, kisha akaigeukia kompyuta.

"Huyo mzee nilimwandika mimi," alisema. "Nilimwandika saa tatu ya asubuhi."

Akatazama saa ya ukutani. Akatazama kibanduku cha zambarau. Mgeni alikuwa ameshaanza kazi chumba cha pili, na saa sita mchana gari lilikuwa linamchukua kwenda kituo kingine.

Akampigia fundi cherehani. "Mwanangu, acha chochote ulichoshika. Nimekosea mimi, si wewe. Njoo sasa hivi."

"Mama, niko mbali, na magongo haya..."

Dereva wa kituo, ambaye alikuwa akinywa chai, hakungoja kuambiwa. Aliweka kikombe chini, akachukua funguo. "Muulize yuko mtaa gani," alisema. "Mengine utanieleza njiani kwa simu."

Bi Unganisha alikwenda mwenyewe kwa mtaalamu mgeni, akamweleza yote bila kupunguza. Mgeni alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea kukaza skrubu. Hakuinua sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Nani yuko zamu inayofuata, na anaweza kumpisha?"

Aliyekuwa zamu ni yule mzee wa mkanda wa goti, ambaye mgeni naye alipaswa kumtazama. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka benchi.

"Mpisheni binti," alisema mzee. "Mimi na goti langu tumeshazoeana, tukikaa kidogo zaidi hatutagombana."

Fundi cherehani alifika jasho likimtiririka, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Aliingizwa moja kwa moja. Nje watu walisikia mguu mpya ukigonga sakafu, ukisita, ukigonga tena. Kabla gari la mgeni halijapiga honi, alitoka akitembea, mkono mmoja begani mwa fundi wa miguu. Mzee wa goti alipimiwa mkanda wake na fundi mchana huohuo, na Bi Unganisha akamletea chai mwenyewe.

Je, waliirudisha saa ya kawaida? Hilo ndilo lililokuwa shauri la wengi. Lakini fundi wa kompyuta anayehudumia kituo, alipopigiwa simu, alicheka sana kisha akatoa njia nyingine. Alimwambia Bi Unganisha asiisogeze saa kwa mkono. Aiambie mashine kwamba iko katika nchi ambayo saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa sita. Hapo itatafsiri yenyewe: mwenzake akiandika 9:00 kwenye simu, mezani kwake itasomeka 3:00, na miadi ni ileile.

"Kwa hiyo kompyuta yangu imehamia ughaibuni," anasema Bi Unganisha, "na haijaniletea hata zawadi!"

Zaidi ya hapo, kila kibanduku sasa kinaandikwa saa kwa maneno: saa tatu asubuhi, saa nane mchana. Wenzake wote wamekubali kufanya hivyo, na mkuu wa kituo mwenyewe hasahau. Tangu waanze, hakuna simu ya fundi iliyolia usiku, na nyumbani kwake kuna amani.

Fundi cherehani anakanyaga kwa miguu miwili siku hizi. Wiki iliyopita alipita kurekebishiwa mkanda wa mguu, akamshika Bi Unganisha mkono muda mrefu.

Mkono huo ndio uliompa wazo jipya. Wagonjwa wengi hutoka wodini baada ya kukatwa mguu bila kujua watafika lini karakana. Wengine hukaa nyumbani mpaka wamekata tamaa. Bi Unganisha anataka wodi ya upasuaji iingizwe kwenye kalenda ya pamoja, ili muuguzi amwandikie mgonjwa siku yake ya kupimwa angali kitandani.

Mkuu wa kituo amekubali. Muuguzi mkuu wa wodi amemwambia aje Jumatatu, lakini ajiandae, kwani kompyuta yao ni kongwe na ina kiburi.

"Kiburi nakiweza, nimelea watoto wanne," anasema, akiandika kiungo na nywila kwenye kikaratasi na kukitia mkobani. "Mtu akipoteza mguu, asiondoke kitandani bila kujua siku atakayosimama."